Karanga za Zaina

Nilipokuwa mtoto wa miaka sita niliamini kwamba ulozi huingia mwilini kwa njia ya karanga. Sikuambiwa hivyo kwa utani. Nilifundishwa, kama nilivyofundishwa kunawa mikono na kuamkia wakubwa. Kila asubuhi, kabla sijatoka kwenda shule, bibi yangu mzaa baba, ambaye tulimwita Koko, alinishika mabega akanigeuza nimtazame usoni.

"Kavira, usikule kitu ya mutu ku masomo. Mukate, hapana. Karanga, hapana kabisa. Leo anakupatia, kesho anakuya kukuomba mutu ya nyumba."

Masomo, kwetu, ndiyo shule. Na mtu wa nyumba ni ndugu yako: mama, kaka, mdogo wako anayebebwa mgongoni. Mlozi, ambaye watoto wa Kisangani humwita ndoki kwa Kilingala, anaweza kuwa mtoto kama wewe. Anakutilia karanga chache mkononi, unakula, unashukuru, halafu anakujia ndotoni na kukutaka umtoe mmoja wa kwenu aliwe. Hivyo ndivyo nilivyojua, na sikuwahi kumsikia mtu mzima akibisha.

Tulikaa Tshopo, mtaa wa Kisangani ulio upande wa mto. Baba alikuwa mfanyabiashara, Mnande wa Butembo aliyefuata soko la Kisangani kabla sijazaliwa. Aliuza maharage, chumvi, sabuni na vitenge. Ilikuwa miaka ya vita. Majeshi mawili ya kigeni yaliingia mjini kwetu pamoja, yakicheka pamoja na kunywa bia pamoja, kisha yakaanza kugombana nani atabaki, sisi tukiwa katikati. Kulikuwa na siku za mizinga na siku za kimya. Kimya kikifika siku mbili, direkta wa shule alimtuma mtu apite mitaani akipiga kengele, nasi tukachukua madaftari. Tulisoma siku nne, siku tano, halafu mizinga ikaanza tena. Sikumbuki hata wiki moja ya mwaka ule niliyokaa kwa utulivu. Hata leo nikiketi, mguu wangu mmoja hauachi kutikisika. Mume wangu huushika kwa mkono wake na kusema, "Tulia," nao hutulia mpaka aondoe mkono.

Mwalimu wetu wa darasa la kwanza aliitwa Madame Julienne. Nilimpenda. Nataka hilo lieleweke kabla sijasema mengine, kwa sababu bila hilo hakuna la kusimulia. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye shingo ndefu, na alitufundisha silabi kwa kuziimba, akitembea kati ya madawati na kumgusa kila mtoto kichwani pale wimbo ulipomfikia. Tulikuwa zaidi ya sitini. Lakini mimi ndiye aliyeniita "binti yangu" mbele ya wote. Mimi ndiye niliyefuta ubao. Mimi ndiye niliyeshika kisanduku cha chaki. Wakati wa mapumziko nilikaa mapajani pake akinisuka upya nywele zilizofumuka, na wenzangu wakitutazama kutoka mbali.

Nilikuwa mtu mzima tayari nilipojua kwamba baba alikuwa akimpelekea sabuni na sukari, kwani serikali ilikuwa haiwalipi walimu. Je, alinipenda kwa ajili ya sabuni? Nimelifikiria jambo hili mara nyingi kuliko inavyofaa. Alikuwa na dhiki na alikuwa na upendo, na upendo ukaelekea kule msaada ulikotoka. Huenda hata yeye hakuona ulipokunja kona.

Dawati letu tulikaa watoto watatu, na aliyekaa bega kwa bega nami alikuwa Zaina. Kwao walikuwa Waislamu wa siku nyingi mjini, wale ambao mababu zao walifika na misafara ya biashara wakaoa na kubaki. Baba yake alikuwa fundi cherehani, lakini nani ashone nguo mpya katikati ya vita? Mama yake alikaanga karanga na kuziuza barabarani. Zaina alikuja shuleni na karanga ndani ya karatasi iliyokunjwa kama koni, na hicho ndicho kilikuwa chakula chake mpaka jioni.

Zaina alikuwa na mambo mawili yaliyomtenga. La kwanza, alijikojolea. Si kila siku, ila mizinga ilipolia. Maji yalichuruzika chini ya dawati na sisi wawili tukaruka kando tukipiga kelele. Madame Julienne alimwita Mama Mikojo. Alimsimamisha mbele, akamfanya avue kitambaa chake cha kichwa na kupangusia benchi, darasa zima likicheka. Mimi nilicheka kwa sauti kuliko wote, kwa sababu Madame alikuwa akinitazama. Na mjini petu, nyakati zile, mtoto anayekojoa ovyo akiwa amekwisha kukua alitazamwa kwa jicho jingine. Ilisemwa kwamba ni dalili ya ulozi.

La pili lilikuwa masikio yake. Zaina alisikia bomu kabla halijafika. Nilichukua miaka mingi kuelewa: bomu la mzinga likitoka kwenye bomba lake hutoa mlio mdogo, mzito, kama mtu anayepiga gogo kwa ngumi mbali sana, halafu hupita muda wa kuhesabu taratibu kabla halijaanguka. Sisi hatukuusikia mlio ule wa kwanza. Tulikuwa tunaimba silabi, tunasukumana, tunapiga kelele. Zaina aliusikia. Kwao walikuwa karibu na daraja la mto, ambalo majeshi yaligombea, na pale watu walikuwa wamejifunza haraka kuusikia. Katikati ya somo ungemwona anakaza shingo, anafumba macho, kisha anateleza chini ya dawati bila neno. Sekunde chache baadaye, pwaa, mahali fulani ng'ambo ya mto, na bati la paa linatetemeka.

Mwanzoni tulimcheka. Kisha tukaanza kumfuata. Zaina akishuka, jirani zake wanashuka, na jirani za jirani, mpaka darasa zima liko sakafuni kabla ya mlio. Hakuna aliyetuamuru. Ilikuwa akili ya watoto. Lakini watoto haohao, tukirudi nyumbani njiani, tulisemezana: anajuaje? Mtu anajuaje jambo ambalo halijatokea, kama si yeye anayeliita?

Baada ya muda Madame Julienne alifiwa na mtoto wake mchanga. Alikuwa na mtoto wa kiume wa miezi michache, ambaye dada wa Madame alikuwa akimleta shuleni saa nne anyonye. Homa ilimpata siku za mizinga, na siku hizo hakuna aliyeweza kuvuka mji kufika hospitali. Kengele ilipopita tena mitaani, Madame alirudi darasani akiwa amenyolewa nywele. Hakuimba tena. Alisema silabi kwa sauti ya kawaida, nasi tukarudia kwa sauti ya kawaida. Nilimletea kisanduku cha chaki, akakipokea bila kuniona. Sikulala vizuri siku zile. Nilizunguka nyumbani kama kuku anayetafuta mahali pa kutagia. Nilitaka anitazame tena, tu.

Katika wiki hiyohiyo nilikula karanga za Zaina.

Hakuna cha ajabu kilichotokea. Mama alikuwa amekaa na mdogo wangu Muhindo aliyekuwa akilia kwa kuota meno, akasahau kunipa mkate. Wakati wa mapumziko Zaina aliona nimekaa bure. Akafungua koni yake, akazigawa karanga mafungu mawili juu ya dawati kwa kidole, akalisukuma fungu moja upande wangu.

"Kula," akasema. "Iko na chumvi mingi leo."

Nilikumbuka mikono ya Koko mabegani mwangu. Njaa ilinishinda. Nilizila zote, moja moja, na zilikuwa tamu.

Siku ya pili yake Muhindo akapata homa.

Siwezi kueleza vizuri hali iliyonipata. Aliyewahi kuamini jambo kwa moyo wa miaka sita atajua. Mama alimfunga Muhindo vitambaa vya maji baridi, Koko akachemsha majani, baba akaenda kutafuta dawa ya kinini kwa watu aliowajua. Mimi nilizunguka ua, naingia, natoka, nahesabu watu wa nyumba. Nilijua kilichokuwa kikitokea. Nilijua ni nani aliyeombwa na kwa nini. Sikumwambia mtu.

Shuleni Madame Julienne aliniona. Baada ya siku zote zile za kutoniona, siku hiyo aliniona. Wakati wenzangu walipotoka kucheza, alinizuia mlangoni, akaketi kwenye dawati la mbele, akanivuta kati ya magoti yake na kuniinua kidevu.

"Bon. Kavira, binti yangu. Uko na kitu. Niambie."

"Muhindo iko mugonjwa."

"Ana nini?"

"Homa, Madame."

Mkono wake ukakaza kidogo kidevuni. "Ulikula kitu ya mutu?"

Nilijaribu kugeuza uso, akaurudisha.

"Kavira. Ulikula nini?"

"Karanga."

"Ya nani?"

"Ya Zaina."

Uso wake ulikuwa karibu sana na wangu. Niliona mishipa myekundu machoni mwake. Akauliza polepole, kwa sauti ya upole ambayo sikuwa nimeisikia tangu mtoto wake alipofariki: "Na mu ndoto, unamuona Zaina?"

Sikuwa nimewahi kumwota Zaina. Kama niliota chochote siku zile, niliota mbwa. Lakini niliona usoni mwake jibu alilolitaka, kama ninavyoliona neno ubaoni leo. Mtoto wa miaka sita bado anahangaika na herufi, lakini nyuso anazisoma bila kukosea.

"Ndiyo, Madame. Anakuya."

"Peke yake?"

Hakuna aliyenifundisha kusema nilichosema baadaye. Kilitoka chenyewe, kwa sababu nilimpenda na nilitaka aendelee kunishika.

"Iko nakuya na mutoto mudogo. Anamubeba."

Mkono wa Madame Julienne ulipoa kidevuni mwangu. Alinikumbatia. Alinikumbatia sana, nikasikia moyo wake ukipiga ndani ya kifua, na nilifurahi. Naliandika hilo kwa sababu ni kweli. Nilifurahi.

Mapumziko yalipokwisha, alimwita Zaina kwa jina lake kamili na kumwamuru atoke kwenye dawati letu. Alimkalisha sakafuni, kando ya mlango, peke yake. Alituambia kwamba kuanzia siku ile hakuna wa kumgusa Zaina, hakuna wa kupokea kitu mkononi mwake, na hakuna wa kumwambia neno. Hakutaja ndoki. Hakuwa na haja. Watoto zaidi ya sitini walimgeukia wakamtazama, na kila mmoja akamaliza sentensi mwenyewe.

Zaina hakulia. Aliangalia koni yake ya karanga, kisha akaniangalia mimi, kama mtu anayengojea kuambiwa kwamba mchezo umekwisha.

Alasiri ile alikaza shingo na kujilaza sakafuni. Nusu ya darasa ikashuka kama kawaida. Madame Julienne akaja kwa hatua tatu, akamwinua kwa mkono mmoja.

"Usilale! Weye njo unaita bomu! Ukilala tena, fimbo."

Bomu likaanguka mbali. Zaina akalisikiliza akiwa amesimamishwa hivyo, na mkojo ukamteremka miguuni. Madame akatugeukia sisi tuliokuwa chini. "Na ninyi, mukae vizuri. Mutu asimufuate huyu tena."

Siku iliyofuata Muhindo aliamka bila homa. Kinini cha baba kilikuwa kimefanya kazi yake. Lakini mimi nilijua sababu nyingine: Zaina ametengwa, basi mdogo wangu ameachiliwa. Kila kitu kilithibitisha. Angekufa, ingethibitika. Amepona, imethibitika. Nimekuwa nikijiuliza tangu hapo ni jambo gani lingeweza kutokea lisilothibitisha, na sijapata jibu.

Siku mbili Zaina alikaa pale mlangoni. Alijifunza haraka, kama anavyojifunza mtoto. Aliposikia mlio wa kwanza, hakulala tena. Alikaa wima, mikono magotini, macho kwa Madame.

Siku ya tatu ilikuwa asubuhi yenye jua. Tulikuwa tunaandika herufi kwenye madaftari, darasa limetulia kuliko siku zote. Niliinua kichwa sijui kwa nini. Nikamwona Zaina amekaza shingo. Safari hii macho yake yalikuwa wazi, makubwa. Alimtazama Madame, aliyekuwa anaandika ubaoni na mgongo kwetu. Akaanza kuinama, akajikamata, akakaa wima tena. Midomo yake ilitikisika. Kisha akanitazama mimi.

Nilijua. Naapa nilijua anachosikia. Nilikuwa na muda wa kupiga kelele, wa kushuka chini, wa kumvuta jirani yangu. Badala yake niligeuka kumtazama Madame Julienne, nijue anataka nini.

Bomu lilianguka uani, karibu na ukuta wa mlango.

Sikumbuki sauti. Nakumbuka vumbi, na mwanga mahali ambapo ukuta ulikuwa, na watoto wakitoka, midomo wazi, kana kwamba wanaimba. Wengi walikatwa na vipande vya bati na mawe. Hakuna aliyekufa. Miaka yote hii bado naona ajabu. Mimi nilipata mkwaruzo kwenye goti. Aliyekuwa karibu kabisa na mlango alikuwa Zaina, kwa sababu pale ndipo alipowekwa.

Madame Julienne alikuwa na damu mguuni. Alisimama katikati ya vumbi akituhesabu kwa kidole; kidole kilipofika mlangoni kikasimama. Alikwenda akichechemea, akasukuma tofali, akamwinua Zaina. Damu ilikuwa ikitoka kwenye sikio la mtoto na mkononi. Alimkandamiza kifuani, kichwa cha Zaina begani mwake, damu ikiingia kwenye blauzi nyeupe. Akakimbia naye. Tulimwona akivuka ua na kuingia barabarani, bila kiatu kimoja, mizinga ikiendelea, kuelekea kituo cha afya. Yule aliyetukataza kumgusa.

Na mimi, nikiwa nimesimama pale na vumbi kinywani, niliona wivu. Alimbeba Zaina, hakunibeba mimi. Nilikuwa na miaka sita. Najisamehe, lakini sijifichi.

Nyumbani sikuweza kukaa. Mapigano yalituweka ndani siku nyingi, chini ya meza na nyuma ya magunia ya maharage, na mimi nikawa siachi kutambaa huku na huku mpaka mama akanipiga kofi. Ndipo Koko aliponivuta kwake.

"Nini iko nakukula hivi?"

Nikamwambia. Karanga, homa, swali la Madame, jibu langu. Nilitegemea atashtuka kwa ajili ya karanga. Hakushtuka. Aliuliza jambo moja tu: "Ulimuota kweli?"

"Hapana, Koko."

Mahali fulani bunduki ilikuwa inalia kama mtu anayepasua kuni. Kisha akasema kwamba hata yeye aliambiwa hivyo na mama yake, kuhusu karanga na mkate. Kwao walikuwa na chakula wakati majirani hawana, na mama yake hakutaka watoto wake waende kula sahani za wenye njaa.

"Chakula ya mutoto wa njala haikulwi. Njo maana," akasema. "Miye nilikuambia karanga. Sikukuambia usemee mutoto ya mutu uongo."

Sijui kama alisema kweli kuhusu maana ile, au aliitunga pale chini ya meza kwa kuniona ninateketea. Koko aliwaogopa walozi mpaka siku alipofariki. Lakini mizinga iliponyamaza alinishika mkono, tukaenda kwa Madame Julienne.

Tulimkuta ameketi kwenye mkeka uani kwake, mguu umefungwa. Alinyoosha mikono aliponiona. Koko akanizuia nisiende.

"Sema," akaniambia.

"Madame, sikumuota Zaina."

Mikono yake ikabaki hewani. Uso wake ulikuwa unafanya kazi, unatafuta. Kisha akauliza kwa sauti ndogo sana: "Na mutoto mudogo?"

"Hapana, Madame. Hakuna mutoto."

Alijifunika uso. Alilia kwa namna ambayo sikuwa nimewahi kuona mtu mzima akilia, bila aibu, akijipigapiga paja lisilo na jeraha. Nilikuwa nimempa mtoto wake, hata kama ni mikononi mwa mlozi, na sasa nilimnyang'anya. Koko alikaa kando yake. Hakumlaumu. Alimsubiri.

Alipomaliza kulia, tulikwenda watatu mpaka kwao Zaina, Madame akiegemea fimbo. Mama yake Zaina alikuwa mlangoni anachagua mchele. Zaina alikaa nyuma yake, sikio la kushoto limezibwa kwa pamba, mkono umefungwa. Madame Julienne alijaribu kupiga magoti, mguu ukakataa, akajishusha hivyohivyo mpaka akakaa chini kwenye vumbi.

"Mama, nilikosea mutoto wako. Nilikosea sana. Nakuya kuomba arudie masomo. Atakaa mbele, karibu yangu."

Mama yake Zaina aliendelea kuchagua mchele. Baadaye akasema bila ukali: "Madame, ulimubeba. Aksanti kwa ile. Batu ya kituo bananiambia angekufa. Lakini masomo, hapana."

"Mama, naomba."

"Alikuwa nasikia muzuri kuliko batoto yote. Ulimukataza kusikia. Masomo ya namna gani ile?"

Koko alinisukuma mbele na mimi nikasema nilichoagizwa kusema, kwamba nilidanganya, kwamba anisamehe. Nilikisema upande wa sikio lililozibwa. Zaina akageuza kichwa, akauliza, "Anasema nini?" Sikuweza kukirudia.

Madame Julienne alifundisha miaka mingi baada ya hapo. Alianza tena kuimba silabi. Sikumwona tena akimwita mtoto yeyote binti yake, wala akimtania aliyejikojolea. Alikuwa na kitambaa chake mwenyewe na ndoo, na alipangusa mwenyewe akiendelea na somo. Wanafunzi waliokuja nyuma yetu wanamkumbuka kama mwalimu mwema wa ajabu, na hawakosei. Mimi pekee, na Zaina, tunajua alijifunzia kwa nani.

Nami ni mwalimu sasa, wa darasa la kwanza, hapahapa Tshopo. Watu huniuliza kwa nini nilichagua watoto wadogo hivi wakati ningeweza kufundisha wakubwa. Nasema napenda kelele zao. Ukweli ni kwamba siamini mtu mwingine yeyote pale, na mimi mwenyewe pia sijiamini sana. Wakubwa hufikiri mtoto wa miaka sita huja shuleni kujifunza kusoma. Anakuja kujua nani anapendwa, na afanye nini ili awe yeye.

Mwaka juzi, siku ya kuandikisha watoto, mama mmoja aliketi mbele ya meza yangu na binti yake. Nilimwuliza jina la mtoto, naye akageuza kichwa ili anisikie kwa sikio la kulia. Nikainua macho. Alikuwa amenenepa kidogo, ana shungi la buluu. Jina la mtoto ni Mwajuma. Nilipomsogezea karatasi atie sahihi, alinyoosha kidole gumba.

"Zaina," nikasema.

"Nilikujua toka mulangoni," akajibu. "Weye njo utakuwa mwalimu yake?"

"Ndiyo."

Nilikuwa na maneno niliyoyatayarisha kwa zaidi ya miaka ishirini. Yote yalinikimbia, nikabaki na moja tu, lile la mwoga. "Zaina, nilikuwa mutoto."

"Na miye pia," akasema. "Nilikuwa mutoto."

Hakuwa na hasira. Alimtengeneza Mwajuma ukosi wa shati. Kisha akauliza: "Iko mwalimu mwingine?"

Yuko. Ni kijana mpole, anayefundisha darasa la kwanza lingine kando ya uwanja. Niliwapeleka mwenyewe, nikaandika jina la Mwajuma kwenye orodha ya mwenzangu kwa mkono wangu, nikarudi. Sikukasirika, wala sikusikitika kama nilivyodhani ningesikitika. Zaina alikuwa amefanya kile ambacho mzazi anapaswa kufanya: ametazama uso wa mwalimu kwanza.

Tangu siku ile nimebadili jambo moja darasani. Kunapotokea ugomvi au kitu kupotea, nami nikihitaji kumwuliza mtoto nani alifanya, huwa nageuka ubaoni, nawapa wote mgongo, na namwuliza nikiwa naandika.